Kivulini, kutoka Stesheni hadi Westlands

Nairobi haina mji wa kale wa kumwonyesha mgeni, kama tulio nao sisi Mombasa. Reli ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899 ikakuta kinamasi na malisho ya Wamaasai. Miaka sita baadaye makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka kwetu, jambo ambalo wazee wa pwani hawajalisamehe hadi leo. Mji ulioanza kwa haraka namna hiyo hauna subira na majengo. Kila kizazi hubomoa ya waliotangulia, kisha hubandika jina jipya barabarani.

Kwa hivyo anayetaka kuutembea kwa miguu, peke yake, bila wa kumwongoza, asihangaike na magofu. Afuate kivuli. Afuate varanda zenye nguzo mbele ya maduka, ujia unaopenya katikati ya jengo na kumtoa mtu barabara ya pili, na vichochoro vya nyuma ambako moshi wa jikoni hukutana na harufu ya wino wa mashine za kupiga chapa. Mimi hufuata njia hiyo kila nipatapo nafasi, kutoka stesheni ya reli hadi Westlands. Kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyoamini kwamba kila aliyejenga Nairobi alijenga pia mahali pa kukwepa jua na mvua, halafu akaamua ni nani atakayepita hapo.

Huanzia stesheni kwa sababu mji wenyewe ulianzia hapo. Mwenye saa moja ya ziada na aingie makumbusho ya reli yaliyo jirani, yaliyofunguliwa mwaka 1971, akayaone magari moshi yaliyopumzishwa nyasini. Mimi hupita moja kwa moja. Unapofika Haile Selassie Avenue inapokutana na Moi Avenue utaiona bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, mahali paliposimama ubalozi wa Marekani hadi bomu la mwaka 1998. Waliokufa Nairobi siku hiyo walikuwa 213, na majina yao yamechongwa ukutani. Wafanyakazi wa ofisi za karibu huja kukaa chini ya miti saa za chakula, wengine na vitafunio vyao, na sioni ubaya wowote katika hilo.

Moi Avenue zamani iliitwa Government Road, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa barabara ya kuvalia nguo nzuri. Jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa lilijengwa mwaka 1906 kuwa benki, National Bank of India, na nguzo zake bado zina kiburi cha benki. Ndani kuna nyaraka pamoja na mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, mtu aliyekusanya vinyago, vitabu na nguo za bara zima wakati wengi wa rika lake wakikusanya mashamba. Kiingilio ni kidogo, na ndani hakuna msongamano. Nje, mbele ya mlango, ndipo watu wa Nairobi wanapoahidiana kukutana tangu zamani: nikungoje wapi? Pale Archives.

Hatua chache kutoka hapo imesimama sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri. Aliuawa kwa risasi barabara hii hii tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, alipokuwa akitoka duka la dawa. Barabara ya nyuma, iliyokuwa Victoria Street, sasa ina jina lake. Ukiivuka unaingia sehemu ya mji ambayo watu wa Westlands huielekeza kwa kidole cha kushuka: huko chini.

Huko chini ndiko ninakotumia muda wangu mwingi, kwa sababu ndiko ujia wa Nairobi unakoishi hasa. Watu wanauita eksibisheni. Ukiliangalia jengo kwa nje unaona mlango mmoja mwembamba uliozungukwa na viatu vilivyotundikwa. Ukiingia unakuta njia ya watu wawili wasiokumbatiana, na pande zote mbili vibanda vya mbao nyembamba, kila kimoja upana wa mikono iliyonyooshwa. Zamani sakafu nzima ilikuwa ya duka moja, la vitambaa au la vyombo vya nyumbani, au ilikuwa supamaketi. Nakumatt ilipoporomoka mwaka 2017 na Tuskys ikafuata miaka michache baadaye, wenye majengo hawakungoja supamaketi nyingine. Walileta maseremala.

Hesabu yake ni rahisi kuielewa. Mpangaji mmoja mkubwa akishindwa kulipa, mwenye nyumba amelala njaa. Wapangaji wadogo mia wakiwepo, hata kumi wakikimbia, tisini wanabaki. Kisha kuna gudwili, fedha ambayo mfanyabiashara hulipa ili apewe tu kibanda kabla hata ya kodi ya mwezi wa kwanza. Nimesikia watu wakitaja gudwili kwa sauti ya mtu anayetaja mahari ya binti wa tajiri. Ndiyo maana utakuta kibanda kimoja kina wenyewe wawili, huyu anauza viatu kuanzia sakafuni hadi kiunoni, yule anauza mikoba kuanzia kiunoni hadi darini, na pazia la kujaribia nguo ni la wote.

Nilisimama mbele ya kibanda cha aina hiyo kwenye jengo lililo karibu na Luthuli Avenue. Kijana mwenye kibanda alikuwa juu ya stuli akishusha koti kwa fimbo ndefu yenye ndoano.

"Sister, ingia uone. Kuangalia ni bure."

Nikaingia, maana yake nikapiga hatua moja. Ukuta wote ulikuwa nguo, hata mlango ulikuwa nguo. Namba ya kulipia M-Pesa ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nzito kwenye kipande cha katoni, na chini yake: hakuna kurudisha.

"Hii ya Uturuki," akasema akinigusisha mkono wa koti. "Siyo ile nyingine."

"Bei gani?"

"Kwa vile ni wewe, elfu na mia mbili."

"Nina mia saba."

"Auntie, ongeza soo moja basi twende kazi."

Kutoka sister hadi auntie ni sekunde chache tu, ndivyo mtu anavyozeeshwa na bei yake mwenyewe. Nililichukua kwa mia nane.

Nyuma ya majengo haya kuna vichochoro. Sisi wa pwani tukisikia kichochoro tunafikiria njia ya kwenda kwa shangazi, yenye baraza na mlango wa nakshi. Vya Nairobi vilizaliwa kwa kazi nyingine kabisa. Wapangaji wa mji wa kikoloni waliviacha nyuma ya maduka ili wachukuzi wa ndoo za choo wapite usiku bila kuonekana na waliolala mbele. Mabomba ya maji taka yalipofika, ndoo zikaisha, vichochoro vikabaki, na watu wakavipatia kazi. Sasa kuna mafundi viatu, wachonga mihuri, wapika chai na chapati kwa ajili ya wenye vibanda, na mabomba yanayovuja juu ya vichwa vyao. Kutoka hapa kushuka hadi River Road ndiko zilikonawiri studio ndogo za muziki na wachapishaji wa vitabu vya bei ya chini, mazingira ambayo Meja Mwangi aliyaandikia riwaya iliyotoka mwaka 1976. Pitia vichochoro mchana, wenye shughuli zao wakiwepo. Simu iwe mfukoni.

Kurudi Moi Avenue utapanda kidogo hadi msikiti wa Khoja, jengo la mawe lenye mnara wa saa, lililokamilika mwaka 1922. Abiria wa matatu wanalijua jina hili kama kituo, na wengi wanaoshuka "Khoja" kila asubuhi hawajawahi kuinua macho kuiona saa yenyewe. Ng'ambo ya barabara, mwendo mfupi, unaanza mtaa ninaoupenda kuliko yote ya Nairobi, Biashara Street.

Soko la kwanza la Wahindi lilichomwa moto mwaka 1902 kwa amri ya serikali, baada ya tauni kuzuka. Wenye maduka walianza upya, na Biashara Street ndiyo iliyobaki kuwa mrithi wa ile Indian Bazaar ya miaka ya mwanzo. Majengo ni mafupi, mengi ya ghorofa moja au mbili. Duka liko chini, familia iliishi juu, na mbele kuna kipaa cha kukinga jua. Ukitazama juu, penye rangi iliyobanduka, utaona tarehe na majina yaliyofinyangwa kwa saruji. Ukitazama chini utaona blanketi za watoto, vikoi, mashuka, sare za shule, na leso. Nairobi nzima ikipata mtoto huja Biashara Street.

Duka la leso nililoingia lina kaunta ndefu ya mbao iliyong'aa kwa miaka ya viwiko. Mzee wa Kihindi alikuwa nyuma ya kaunta, na msaidizi wake, mama wa makamo, alikuwa akishusha mafurushi. Leso hapa haziangikwi. Hukunjwa zikapangwa kwenye rafu hadi darini, na kinachoonekana ni pindo tu. Ukitaja rangi, mama anavuta moja bila kuangusha nyingine.

"Za harusi ama za nyumbani, mama?" mzee akaniuliza.

"Za mkwe."

Akacheka. "Hapo lazima tusome kwanza."

Akazitandaza moja moja juu ya kaunta, akinisomea jina la kila leso kwa sauti kama karani wa mahakama, na kila iliyokuwa na kijembe akaisukuma kando bila kuniuliza. Tulipokubaliana, akapima doti kwa macho, akaikata alama ndogo kwa mkasi katikati ya vipande viwili, kisha akavuta. Kitambaa kikapasuka mstari ulionyooka. "Nje kuna fundi wa kupinda," akasema. Kweli, kwenye ukumbi wa ngazi ya jengo lililofuata kulikuwa na kijana na cherehani, na alipinda pande zote nne kabla sijamaliza kuhesabu chenji.

Mwisho wa mtaa ni Muindi Mbingu Street, na hapo vivuli vikubwa vya mji viko karibu karibu. City Market, ya miaka ya 1930, ni ukumbi wa matao ya zege yanayopanda kwa hatua hadi juu, mwanga ukiingia pembeni. Maua yako mbele, vinyago na vikapu viko ndani, na nyama na samaki viko kwa majirani. Jirani yake kuna Msikiti wa Jamia wenye kuba tatu, uliokuwa ukijengwa tangu miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Siku ya Ijumaa, barabara zinazouzunguka hujaa kofia na mikeka.

Ukuta kwa ukuta na msikiti, kwenye Banda Street, ni maktaba ya McMillan. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, ikafunguliwa mwaka 1931. Ina nguzo ndefu, ngazi pana na simba wawili wa mawe. Kwa miaka yake 27 ya kwanza, hadi 1958, Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kusoma humo. Jiulize hali ilivyokuwa: muumini anatoka kuswali Jamia, mvua imemkuta, kibaraza kizuri kuliko vyote mjini kiko hatua kumi kutoka alipo, na hawezi kukaa kwenye ngazi zake. Mwaka 2017 mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, shirika linalofufua maktaba hii na matawi yake ya Eastlands. Rafu zimepata vitabu ambavyo Lady McMillan asingevitambua.

Kutoka hapo hadi Kenyatta Avenue ni dakika chache. Barabara hii, iliyokuwa Delamere Avenue, ilifanywa pana ili mikokoteni ya maksai iweze kugeuka. Sanamu ya mlowezi Lord Delamere iliondolewa uhuru ulipokuja. Iliyobaki ni ya watu watatu wa shaba, mmoja wao mchukuzi, iliyowekwa mwaka 1928 kwa ajili ya Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake ni ya lugha tatu, Kiswahili kikiwemo, na yanawaahidi kwamba watoto wao watalikumbuka jina lao. Majina yenyewe hayakuandikwa. Huwa nasimama hapo muda mrefu kuliko ninavyokusudia, hasa kwa yule mchukuzi, kwa sababu waliokufa kwa kuhara na uchovu wakibeba mizigo ya wenzao walikuwa wengi kupita waliokufa kwa risasi.

Ukivuka Koinange Street, mkabala na Loita Street kuna Kipande House, jengo la mwaka 1913, sasa la benki. Jina lake latokana na enzi za ukoloni, ambapo mwanamume Mwafrika alipaswa kuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole na maneno ya mwajiri wake, iliyotiwa kwenye kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Bila hicho, kutembea nilikotembea mimi asubuhi hiyo kulikuwa kosa la jinai. Varanda zote nilizozisifu hapo juu zina historia hiyo chini ya rangi. Zilikuwa wazi pande zote, na bado hazikuwa za kila mtu.

Kilichotokea Norfolk kinaeleza zaidi. Hoteli hiyo ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, na kutoka Kenyatta Avenue unaifikia kwa kufuata Uhuru Highway halafu University Way. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kilichokuwa karibu, wakitaka mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwapigia wanaume kelele za kuwaaibisha, umati ukasogea, polisi wakafyatua. Inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa kwenye varanda ya Norfolk, vinywaji vikiwa mezani, walipiga risasi pia. Serikali ilikiri vifo 21, na walioshuhudia walisema ni zaidi. Barabara inayopita mbele ya varanda hiyo sasa ni Harry Thuku Road. Chai bado inaandaliwa hapo, ila bei yake ilinifanya niendelee na safari.

Baada ya Museum Hill mji unabadilika, na miguu inalijua hilo kabla ya macho. Hakuna varanda tena. Kuna kuta, magari, na juu yako barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, inayotoka Mlolongo, zaidi ya kilomita 20, hadi hapa Westlands. Upande huu wa magharibi ulipangwa kwa watu wenye farasi, baadaye magari: Parklands, Lavington, Kileleshwa, Karen. Mwafrika alikuja huku kupika na kupalilia, na usiku akarudi Eastlands. Ukikaribia Westlands kuna mgumo mkubwa kando ya Waiyaki Way. Wajenzi wa barabara ile walitaka kuung'oa mwaka 2020, wananchi wakapiga kelele, na mnamo Novemba amri ikatoka kwamba ubaki. Ndio kivuli pekee cha maana tangu Museum Hill. Nilimkuta mwendesha boda amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani.

Westlands ndiko ujia wa mjini ulikohamia ukiwa na fedha. Sarit Centre ilifunguliwa mwaka 1983, na kwa Nairobi ya wakati huo lilikuwa jambo la ajabu: barabara nzima ya maduka chini ya paa moja, vigae vinavyong'aa, duka la vitabu, mahali pa kuegesha gari. Watu waliacha kwenda mjini kununua viatu. Majumba mengine yakafuata, Westgate ikiwemo, iliyofunguliwa mwaka 2007. Tarehe 21 Septemba 2013 washambuliaji waliingia humo wakaua watu 67. Tangu hapo kila mlango wa jumba la maduka Nairobi una kijana wa sare na kifaa cha kupekulia, na sote tumezoea kuinua mikono kabla ya kununua dawa ya meno. Sikatai sababu yake. Nasema tu kwamba ujia wenye mlango na mpekuzi si mrithi wa varanda ya Biashara Street, hata ukiwa na hewa ya baridi. Mrithi wake ni kile kibanda cha mbao cha Luthuli, chenye pazia la wenyewe wawili.

Karibu na hapa, upande wa Lower Kabete Road, Pio Gama Pinto alipigwa risasi mbele ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965, akiwa kwenye gari na binti yake mdogo. Mhariri, mbunge, Mgoa wa Nairobi aliyewahi kufungwa na Waingereza kwa kuwasaidia Mau Mau. Mji umewapa wengi barabara kubwa kwa mchango mdogo kuliko wake.

Kuanzia Westlands nilipanda matatu hadi Kangemi, kwa kuwa miguu ilikuwa imeshatosheka. Pale barabara kuu inapopita juu ya mtaa, wauzaji wametandaza magunia yao panapofika kivuli cha daraja: nyanya za mafungu, omena, mitumba, sukuma inayokatwa papo hapo kwa kisu chembamba. Jua linaposogea, nao husogea.

"Na kanjo wakija, mama?" nikamuuliza aliyekuwa akikata sukuma.

"Wakija tunahamia upande ule. Wakienda tunarudi," akasema bila kuinua macho kwenye kisu. "Nikukatie ya ngapi, customer?"

"Ya ishirini."

"Ya ishirini siku hizi ni majani tu. Chukua ya thelathini."